Wa Pili katika Boding ya Farasi

Enzi zetu, na ninaposema enzi zetu nina maana ya miaka saba iliyopita, kwa hiyo acheni kucheka, nilimwambia mama yangu kwa simu kwamba nimekuwa wa pili darasani. Sikumwambia kwamba wanafunzi wenzangu wote walikuwa na kwato.

Nyinyi mliokua kambini Nakivale wakati ule mtanielewa haraka kuliko hawa wadogo zetu wa siku hizi, wanaozaliwa wakiwa tayari wanajua neno la siri la simu ya baba yao. Sisi mpira wetu ulikuwa wa majani makavu ya migomba, na ukilowa mvua ulikuwa unavunja vidole. Tuliteleza mlimani tumekalia vipande vya vidumu vya mafuta, kaptula zikatoboka matakoni, kila mtoto fasi yake, hata mama zetu walitutambua kwa nyuma kabla ya kuona sura. Darasani tulikaa watano kwenye benchi la watatu. Wa mwisho huku akipiga chafya, wa mwisho kule alikuwa anaanguka. Na farasi? Farasi tulimjua kwa kanisa tu: wale wa Farao waliozama baharini, na yule mweupe wa Ufunuo. Hakuna aliyefikiri kwamba farasi anaweza kuishi Mbarara, tena kwa raha.

Yote yalianzia kwenye neno moja. Tonto Rubeni, mdogo wake mama, alikuwa mchungaji tangu kule kwetu milimani juu ya Uvira. Mchungaji wa ng'ombe, si wa kanisa. Alipata kazi nje kidogo ya mji wa Mbarara, mahali ambapo matajiri wanaacha farasi wao watunzwe, kisha wanakuja kuwapanda siku wakiwa na nafasi. Wenye mahali pale walipaita boding. Sasa, Tonto shule ya kulala aliijua kwa jina la Kongo, interna. Neno boding alilikuta pale pale Mbarara, na kwake lilikuwa na maana moja tu: nyumba ya farasi. Mama naye alilijifunza kwa majirani zetu Waganda, na kwake pia lilikuwa na maana moja tu: shule, godoro, sanduku la bati, na mtoto anayerudi likizo akiongea Kiingereza cha puani.

Siku Tonto alipopiga simu nilikuwa nimekaa miguuni kwa mama nachambua maharage.

"Dada, niko huku mu boding," Tonto alipiga kelele kama kawaida yake, maana aliamini Mbarara ni mbali. "Banakula mara tatu kwa siku! Kila moja na chumba yake! Muganga anakuja kubaangalia meno!"

"Yesu wangu. Mpaka meno?"

"Mpaka meno! Unitumie Elisha akae huku na miye. Fasi iko."

"Fasi iko?" Mama alisimama. "Rubeni, una hakika fasi iko?"

"Fasi iko mingi!"

Mama akaweka simu chini akapiga magoti juu ya maharage. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba mwanawe amepata boding Mbarara, na alipokuwa akitoa alimtazama Mama Debora, mke wa shemasi. Mama Debora mwanawe alikuwa boding ya kweli Isingiro, na aliwahi kusema mbele ya kwaya nzima kwamba Elisha hawezi kukaa chini hata ukimfunga kamba. Kuanzia siku ile heshima yote ya mama yangu ilikuwa imekaa juu ya kichwa changu, na kichwa chenyewe mnakijua. Mama akaenda shuleni akaniagia rasmi. Benchi letu likabaki na wanne, nasikia walimshukuru Mungu.

Nilipofika na sanduku langu la bati, Tonto alilitazama muda mrefu. "Ni ya nini hii yote? Unahama?" Nyuma yake niliona mlango uliokatwa katikati, na juu ya nusu ya mlango kichwa kirefu kama mwezi wa njaa, kinanitafuna kwa macho. Nikaelewa yote palepale. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Kichwa kile kikanipulizia shingoni pumzi ya moto yenye harufu ya majani makavu. Nikafunga mdomo, na sikuufungua miezi miwili.

Mnilaumu, lakini mngekuwepo. Asubuhi kulikuwa na harufu ya ngozi ya matandiko iliyopakwa mafuta, na sauti ya meno yakisaga majani, vyumba vinane kwa mpigo mmoja, kama kanisa zima linatafuna kwa adabu. Nilijifunza kumsugua farasi kwa brashi mpaka ang'ae. Nilijifunza kuinua mguu wake na kutoa matope kwenye kwato kwa chuma kidogo, wakati yeye anakuegemea kwa makusudi ili uanguke. Nilijifunza kwamba mavi ya farasi ukilinganisha na ya ng'ombe ni kama manukato, ingawa Tonto alikataa. Tonto aliwaona farasi wote kama ng'ombe waliopoteza pembe kwa uzembe. Aliwaimbia nyimbo za ng'ombe za nyumbani, na wiki ya kwanza alikutwa amechuchumaa na kikombe chini ya farasi jike.

"Wewe!" alipiga kelele Afande, msimamizi, askari mstaafu aliyevaa buti hata Jumapili. "Farasi hapana ng'ombe! Maziwa nataka, enda Masha, huko kwa ng'ombe!"

Afande alikuwa na ubao mkubwa mlangoni pa stoo. Aliandika kwa Kiswahili ili Tonto asome: jina la kila farasi, na mbele yake maneno mawili matatu. *Stela: meno. Prinsesi: anakula sana. Jenerali: anapiga wenzake.* Siku moja nilichukua chaki nikaongeza chini kabisa: *Elisha: ana bidii.* Afande alipoona hakufuta. Aliongeza tu: *Apewe dawa ya minyoo.* Nikapewa, pamoja na Stela.

Mama alipiga simu kila Jumamosi. "Unasoma?" Nasoma, mama, nilikuwa nasoma ubao. "Mwalimu ni mukali?" Mkali sana, anavaa buti. "Wenzako banakuwa je?" Bakubwa kuliko miye, mama, lakini banatulia. Kisha likaja swali lenyewe: "Mulifanya mitihani? Ulikuwa wa ngapi?" Ningesema wa kwanza, angeshuku. Wa pili ni uongo wenye adabu. Upande wa pili wa simu nikasikia mama akilia kwa furaha, kisha akiita watu.

Kosa la mwisho lilikuwa la Tonto tena. Alimwambia mama kwamba Jumapili wenyewe wanakuja kuwaona, wanawaletea karoti. Mama akaelewa ni wazazi, akashangaa: sisi boding tunapeleka kuku, hawa matajiri wanapeleka karoti! Lakini hakutaka mwanawe aaibike mbele ya wenzake. Jumapili iliyofuata nikiwa nimeshika koleo, niliona kitenge cha kanisa kikiingia getini. Mama alibeba sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na ugali kwenye sahani ya kufunika. Nyuma yake Mama Debora, aliyekuja kujionea kwa macho yake, amejitwisha kikapu kilichojaa karoti.

Nilitupa koleo, lakini mama alikuwa ameshafika kwenye ubao. Alisoma kwa kidole, polepole. "Stela. Prinsesi. Jenerali. Elisha, ana bidii..." Akamgeukia Mama Debora, na sijawahi kumwona mama mrefu vile. "Apewe dawa ya minyoo. Umeona? Huko Isingiro banapimaka minyoo?"

Mama Debora akameza mate. "Hapana."

Afande akatokea na buti zake. Mama akakunja goti. "Bwana asifiwe, mwalimu mukubwa. Mutoto wangu anaendelea je?"

"Huyu kijana? Mzuri. Nafanya kazi. Lakini nakula kushinda hata Prinsesi."

"Na huyu Jenerali, ni mutoto ya nani?"

"Ya daktari moja ya town. Iko kali sana hiyo. Juzi napiga teke ukuta, ukuta napasuka."

"Ee! Na munamufanya nini mutoto kama huyo?"

"Wiki kesho nahasi yeye," alisema Afande kwa utulivu. "Kisha natulia. Wote natuliaka."

Mama Debora aliweka mkono kifuani. Mama alinivuta akanifunika na kitenge chake chote. "Munahasi batoto? Bwana mwalimu, mwanangu pia..."

Hakumaliza. Nyuma ya Mama Debora kichwa kirefu kilitoka juu ya nusu ya mlango, kikanusa karoti, kikaona kikapu, kikaingia kizima. Kilipotoka kilikuwa na karoti sita na kilemba cha Mama Debora. Mke wa shemasi alimkemea shetani kwa Kiswahili, kwa Kibembe na kwa Kifaransa, akaacha viatu vyake palepale, na tulipomtafuta alikuwa juu kabisa ya lundo la majani makavu, hatujui alipandaje.

"Ndio huyo sasa Jenerali," Afande alisema.

Mama alimtazama Jenerali. Akatazama vyumba vinane, vichwa vinane, ubao, koleo, Tonto aliyekuwa anacheka na hajui anacheka nini. Kisha akanitazama mimi. Alimteremsha Mama Debora, akamsafisha majani mgongoni, akamvisha viatu. Wakaangaliana wale mama wawili, mmoja bila shule, mwingine bila kilemba, na nikaona wakikubaliana jambo bila kufungua mdomo. Mpaka leo kanisani hakuna anayejua.

Akanichukua, na njia yote mpaka Rwekubo, karibu na kambi yetu, alikaa na sombe yake magotini.

Nawahurumia watoto wa siku hizi, kusema kweli. Mama wa leo anasema, "Washa video nione darasa," na uongo unakufa kabla ya chakula cha mchana. Wetu ulipewa muda wa kukua, kunenepa, kupakwa mafuta mpaka ung'ae. Mimi sasa niko boding ya kweli, Mbarara hiyohiyo, sekondari, senia ya tatu. Tunalala ishirini na wanne chumba kimoja. Posho, yaani ugali, na maharage, maharage na posho. Meno yangu hayajaangaliwa na mtu, na hakuna aliyewahi kuniletea karoti. Kuna asubuhi kengele ikilia nafumba macho kidogo nisikie yale matafuno ya vyumba vinane, na nawaza kwamba kati ya boding zangu mbili, nzuri ilikuwa ile ya uongo.

Siku ile tulipofika nyumbani majirani walikuwa wamejaa uani. "Mama Elisha, boding iko je?"

"Iko safi," mama alijibu bila kupepesa. "Banakula karoti."

Akaingia ndani, akafunga mlango, akavua viatu. Jumatatu nilikuwa narudi kwenye benchi la watano, hilo nililijua bila kuambiwa. Nikasimama ukutani nimeziba masikio, nasubiri. Mama alikaa kwenye kigoda, akafunua ile sahani, akanisogezea sombe, akasubiri mpaka nimejaza mdomo. Ndipo akasema:

"Elisha, uliniambia ulikuwa wa pili. Sasa uniambie ni gani mu bale farasi alikushinda."