Breki za Bwana Sekunde

Bwana Sekunde alitengeneza saa za watu kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba mtu ushauri. Juu ya meza yake ya kazi kilining'inia kibao alichokiandika kwa mkono wake: USHAURI HAUPOKELEWI. Wateja walikisoma, wakameza maneno yao. Alipostaafu alirudi nyumbani na bisibisi zake, lenzi yake ya jicho na kibao kile kile, akakipigilia misumari kwenye mlango wa chumba cha uani.

Chumba chenyewe, kwa haki kabisa, kilikuwa cha mkewe. Mtaa mzima ulimwita Sista, maana alikuwa nesi na karibu wote walikwisha kuionja sindano yake. Aliahidiwa kwamba siku akiagana na wodi ataweka cherehani humo. Siku ilipofika alikuta makasha kumi na moja yamemwahi. Ndani ya makasha mlikuwa na gari, ila lenyewe lilikuwa bado halijajua kama ni gari: mabomba, springi, bodi nyekundu nyepesi, na kitabu kinene cha maelekezo ya kuliunganisha. Bwana Sekunde alisema miezi sita ingetosha. Sasa mwaka wa tatu ulikuwa ukingoni.

Tusimwonee, gari lilipendeza. Injini iliwaka kwa kuguswa tu, na milango yake miwili ilifungika bila kelele. Lilikuwa na kasoro moja: halikupenda kusimama. Ukikanyaga breki, pedali ilizama laini hadi sakafuni kama mguu ulioingia kwenye matope. Lilipelekwa kwenye ukaguzi juu ya lori, mkaguzi akalikataa. Likapelekwa tena, akalikataa tena, na safari hiyo hata hakujisumbua kueleza sababu. Siku ile Bwana Sekunde, kwa hasira na mbele ya shemeji yake, akaapa kwamba likikataliwa mara ya tatu atalifungua nati kwa nati na kulirudisha makashani. Akishasema kitu huwa harudi nyuma, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Ukaguzi wa tatu ulikuwa Alhamisi.

Jumatano asubuhi walikuwa kazini. Shemeji huyo, kaka yake Sista, dereva mstaafu wa malori, alikaa kwenye usukani kukanyaga. Bwana Sekunde alilala chini na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa, akitoa upepo kwenye breki. Kanyaga, shika, achia. Mafuta yalitoka, mapovu machache yakatoka, halafu pedali ikazama vile vile. Akafuta kila kiungo kwa kitambaa cheupe akitafuta panapovuja, kitambaa kikabaki cheupe. Masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ilikuwa mpya. Mipira ilikuwa mipya. Shemeji akamwarifu kwamba mguu wake wa kulia umeshanenepa kuliko wa kushoto kwa kukanyaga, na kwamba suruali zake zote sasa itabidi zishonwe upya, kama tu mshonaji angekuwa na chumba.

Mchana Sista alileta chai, akaketi juu ya kasha tupu, akayatazama magurudumu ya mbele yaliyovuliwa matairi. Alikuwa na lile tabasamu la nesi aliyekwisha kusoma kipimajoto na bado hajakuambia una homa ya kiasi gani.

"Unacheka nini, Mama?" Bwana Sekunde aliuliza kutoka chini.

"Sicheki. Nasoma kibao."

Akaendelea kunywa chai. Bwana Sekunde alikaa kitako sakafuni, mikono imejaa mafuta. Alilipenda gari lile, kulipenda hasa, na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu: alilichagua lenye viti viwili kwa sababu cha pili alijua nani atakikalia. Na kesho huenda akalifungua nati kwa nati. Akamtazama mkewe, akakitazama kibao, akamtazama shemeji ambaye ghafla alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye dari.

"Naomba unisaidie," akasema.

"Masikio yangu haya ya uzeeni," Sista akasema. "Umesemaje, Baba?"

"Naomba unisaidie."

Shemeji alipaliwa, ikabidi atoke nje kukohoa. Sista akaweka kikombe chini. Akamuuliza mumewe, nesi akitaka kutoa hewa kwenye bomba la sindano, ncha anaielekeza wapi. Bwana Sekunde alijibu kwamba juu, kila mtu anajua, hewa hukaa juu.

"Haya. Na hicho kitundu chako cha kutolea upepo kimekaa wapi?"

Bwana Sekunde akainama. Kitundu kilikuwa chini. Akahamia gurudumu la pili, nako kilikuwa chini. Siku zote hizo walikuwa wakikamua mafuta kwa chini huku hewa imejikalia juu, haisumbuliwi na mtu. Kalipa, yale machuma yanayobana diski, ya kulia aliifunga kushoto na ya kushoto kulia, ndipo vitundu vikageukia chini. Zilikuja na alama za chaki, lakini fundi saa haungi kitu kabla ya kukiosha, naye aliziosha kwa petroli na mswaki hadi zikang'aa, alama zikaenda na petroli chafu. Fundi wa gereji asingekosea hivyo, kwa sababu asingeziosha.

Wakazibadilisha. Kanyaga, shika, achia. Mapovu yalitoka kwa fujo, kisha yakaisha, na pedali ikasimama juu, ngumu. Alhamisi mkaguzi alipima, akapima tena, akaandika, akasema limepita.

Walirudi bila lori. Shemeji alipanda basi, maana viti ni viwili. Njiani Bwana Sekunde alikuwa na furaha hadi akaanza kupiga mluzi, halafu mluzi ukakatika.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliyozifunga," Sista akasema. "Mwaka jana."

Bwana Sekunde akakanyaga breki. Gari likasimama pale pale, halikuvuta kulia wala kushoto, na kilemba cha Sista kikamshukia machoni. Akakipandisha taratibu.

"Zinashika," akasema.

Siku hizi gari hulala mbele ya nyumba chini ya turubai, na chumba cha uani kina cherehani. Juzi cherehani ilianza kuruka mishono. Bwana Sekunde aliisikia kutoka uani na akajua mara moja: sindano imewekwa kinyume, tena na mtu aliyeuchoma sindano mtaa mzima. Alifika mlangoni mdomo uko wazi. Kibao kilikuwa bado kimepigiliwa pale, hakuna aliyekitoa. Akakisoma, akafunga mdomo, akaenda kukaa ndani ya gari lake kusubiri aombwe.