Misalaba Nyuma ya Migomba

Kazi yangu ni picha za pasipoti na za maharusi, hapa Nyakahura, kando ya soko la barabarani. Walipopita maofisa wa kusaka wahamiaji haramu, ndipo nilipojua kuna watu wanaosoma uraia wa mtu kwenye pua yake. Ukiwa mrefu, mwembamba, na Kiswahili chako kimepinda kidogo, basi wewe si wa hapa. Hapa, ambapo sisi sote Kiswahili tumekikuta shuleni!

Jirani yangu, bibi mjane, aliambiwa afungashe. Gari la kumpeleka mpakani lingekuja kesho yake. Alinijia akihema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Chukua kamera, twende kwa mama yangu."

Mama yake alizikwa nyuma ya migomba, ubavuni mwa mume wa bibi. Nilitaka bibi asimame kati ya makaburi. Akakataa katakata.

"Sura yangu ndiyo wanayoikataa. Piga hawa. Nao ni wageni?"

Nikapiga misalaba ya saruji yenye majina na miaka, na kichuguu kikubwa cha mchwa kilichokuwa nyuma yake.

Asubuhi bibi alimpa ofisa ile picha. Akaiangalia, akamrudishia. "Marehemu hatuwahoji," akasema. Bibi akapanda gari bila kushikwa mkono. Sijapata habari zake mpaka leo.

Kabla ya masika, mwanamume mmoja wa bondeni aling'oa misalaba, akafyeka migomba, akapanda mahindi. Na kwa jinsi alivyo mkavu wa macho, akaja kwangu nimpige picha shambani "kwake", awatumie wanawe mjini. Nilikwenda. Nikamsimamisha palepale penye makaburi, kichuguu nyuma yake, naye akacheka meno yote nje.

Picha hizo mbili nimezitundika dukani, moja kando ya nyingine. Sikuandika neno. Siku za gulio watu husimama, hutazama kichuguu huku, hutazama kichuguu kule, kisha huenda zao. Mama mmoja alilia.

Juzi aliingia mwenyekiti wa kitongoji, mtu niliyekaa naye dawati moja shuleni. Alizitazama sana. Nikatumaini sasa atamtaja bibi. Akanigeukia, akanikagua kuanzia kichwani.

"Hivi wewe," akaniuliza, "babu yako alitokea wapi?"