Ua Jipya la Itetemia

Enzi za Mwingereza nilikuwa bwana shamba msaidizi mjini Tabora, kijana mwenye cheti kimoja na majivuno ya watu kumi. Siku moja, katika shamba la Mama Veronika kule Itetemia, niliona maua ya manjano yanayofanana na ya lile gugu la kishona nguo, lakini hayakuwa na zile petali nyeupe pembeni. Nikaamua palepale kwamba nimegundua mmea mpya.

Mama Veronika alikuwa rika la mama yangu, na hata shikamoo sikumpa. Alianza kusema, "Mwanangu, maua hayo..."

Nikamkatiza. "Mama, haya ni mambo ya elimu. Wewe endelea kulima."

Wiki nzima nilizunguka mtaa wa Kanyenye nikitangaza kwamba ua litaitwa kwa jina langu. Mpumbavu mimi, nikamwandikia na mtaalamu wa mimea wa serikali, naye akaja kwa treni kutoka Dar es Salaam.

Shambani, mzungu huyo aliinama, akalitazama ua kwa kioo chake, kisha akauliza, "Mbegu zake ziko wapi?"

Sikuwa nimefikiria mbegu.

Mama Veronika aliegemea jembe, akaonyesha miguu yangu. "Si hizo, bwana? Zimemjaa kwenye soksi."

Mzungu akachomoa moja, akaviona vile vijimiba kichwani, akaanza kucheka.

"Ni kishona nguo tu, mwanangu," Mama Veronika akaniambia taratibu. "Yale meupe yamepukutika kwa uzee. Siku ile ndiyo nilitaka kukuambia."