Somo Mwasiti na Mke wa Nabii Ayubu

Wanawake wengi wa Mikindani walioolewa miaka hii wamepita mikononi mwa Mwasiti binti Asadi. Wao humwita Somo. Ni mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa, na kazi yake ni kumkalisha mwari chumbani kabla ya harusi, amfunde mambo ya ndoa. Hufunda kwa visa vya mitume. Anachokipenda kuliko vyote ni cha Nabii Ayubu, aliyeugua mpaka jamaa wakamkimbia, akabaki na mkewe tu, naye akawa anafanya vibarua kwenye nyumba za watu ili mumewe apate kula.

Kisa hicho ndicho walichotaka kukitumia dhidi ya Zulfa.

Zulfa, mmoja wa wari wake, alirudi kwa mama yake jicho limevimba. Mumewe, Twahiru, alikuwa amempiga, na haikuwa mara ya kwanza. Kikao cha kuwasuluhisha kikaitishwa nyumbani kwa Mzee Chande, baba mdogo wa Twahiru, naye akamwita Somo. Hakumwita kwa mapenzi. Alijua binti humsikiliza yeye.

“Somo, huyu ulimfunda wewe,” alisema kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua. “Mkumbushe mke wa Nabii Ayubu alivyovumilia. Kisha arudi kwake, yaishe.”

Mama yake Zulfa aliinamisha kichwa. Zulfa akamtazama Somo, na Somo akaona wazi kwamba akitamka neno moja tu, binti atarudi kupigwa. Hasira zikampanda. Kisa chake, alichokibembeleza miaka yote, leo kinageuzwa kamba ya kumfungia mtoto wa watu!

“Nitasimulia,” alisema. “Ila nitasimulia chote.”

Akaeleza kwamba Ayubu alikuwa mgonjwa hoi, hana nguvu ya kufukuza nzi, achilia mbali ya kumvimbisha mtu jicho. Siku moja mkewe alimuudhi, naye akaapa kwamba akipona atamchapa fimbo mia. Akapona, na kiapo kikawa kinamdai.

“Mungu alimwambia afanye nini, Mzee Chande? Wewe umesoma chuo cha Kurani, sema.”

Mzee akakohoa. Alikijua kisa hicho vizuri, na ndiyo maana alitaka kiishie katikati.

Somo akatoka uani, kwenye majani waliyokatiwa mbuzi, akarudi na kicha cha nyasi laini. Akamwekea Twahiru mapajani.

“Aliambiwa ashike kicha cha majani, amguse nacho, kiapo kitimie na mwanamke asiumie. Huyo ni mtume, mwanangu. Wewe nani kakupa ruhusa?”

Twahiru alizitazama zile nyasi, asijue azishike au azitupe.

“Mwasiti,” alisema Mzee Chande, na safari hii hakumwita Somo, “ukitoka hapa na huyo binti, harusi za ukoo huu usizitegemee tena. Hata ya binti yangu Hafsa baada ya Idi.”

“Basi Hafsa mfunde mwenyewe,” alisema Somo akijifunga kanga. “Na siku atakayokurudia na jicho kama hili, umsimulie hiyo hiyo nusu uliyotaka nimsimulie mwenzake.”

Zulfa alikuwa amekwisha kuvaa viatu.