Popo na Chupa za Kahawia

Majirani walimwita Popo, kwa kuwa kila alipotoka katika chumba cha giza cha kusafishia picha alipepesa macho kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Mpiga picha alikuwa mumewe. Huyo alizunguka harusini na mashuleni, akataniana na watu. Mkewe alibaki ndani akisafisha filamu. Mume alipofariki, mtaa mzima ulikuja kumzika. Walipotawanyika, ilidhihirika kwamba marafiki wote walikuwa wa marehemu.

Watoto waliokuwa mbali walimshauri kwa simu apangishe kile chumba, maana siku hizi nani atamletea filamu? Alijibu, "Tutaona," jibu la mtu aliyekwisha kuamua.

Dawa za picha ndizo alizozijua. Adui wa dawa ya kusafishia ni hewa. Ikibaki hewa chupani, dawa hugeuka rangi ikawa kama chai, na picha haitoki tena. Basi Popo alijaza chupa za kahawia hadi shingoni. Dawa ikipungua, alidumbukiza gololi za kioo mpaka ipande tena mdomoni. Zote zilikaa rafu ya chini, penye ubaridi, mbali na dirisha. Alizifuta vumbi na kuzikagua, akazitunza kama mboni ya jicho. Yeye mwenyewe hapakuwa na wa kumkagua.

Asubuhi moja akabisha hodi Cheka Kidogo, mpiga picha wa mtaa wa pili. Yeye na marehemu walikuwa paka na panya wakigombea wateja, lakini mazikoni alilia kuliko ndugu. Bado alipiga picha kwa filamu, kwa mapenzi tu. Mambo ya dawa hakuyajua, enzi zake aliajiri mtu; sasa dawa yake imeharibika na madukani haipatikani, ndipo akaja kuomba. Akaketi, akasimulia vituko vya marehemu, hadi Popo akacheka akishika mbavu. Sauti yake mwenyewe ilimshtua.

Alipoinamia rafu, mkono ulisita. Akammiminia nusu chupa, bila gololi hata moja, akakaza mfuniko bila kumwambia habari za hewa.

Hazikupita wiki nyingi, Cheka Kidogo akarudi na dawa iliyogeuka rangi. Walizungumza mpaka kivuli cha nyumba kikavuka barabara. Popo akampa nusu nyingine.

Mara ya tatu alikuja amenywea. Alikuwa amempiga picha mjukuu wake siku aliyosimama kwa mara ya kwanza, na filamu nzima imetoka tupu.

"Labda mikono yangu imezeeka, shemeji," alisema.

Popo hakuweza kulimeza hilo.

"Mikono yako haina kosa, shemeji. Nilikupa nusu makusudi. Ningeijaza, ingedumu, nawe usingerudi."

Cheka Kidogo akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake Popo alijaza chupa kubwa hadi mdomoni, akaifunga barabara, akaipeleka mwenyewe mtaa wa pili. Cheka Kidogo aliipokea mlangoni kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza itakaa muda gani.

"Muda mrefu," alisema Popo. "Ukiipunguza, usiiachie hewa."

Ndani mjukuu akaanza kulia. Cheka Kidogo akaomba radhi, akarudisha mlango taratibu.

Popo alirudi kwa njia ya sokoni, iliyo ndefu zaidi, akisimama kila penye watu.