Kikao cha Figo Yangu

Figo ilikuwa yangu, jiwe lilikuwa langu, na maumivu hakuna aliyenisaidia kuyabeba. Kikao kilikuwa cha wanaume. Walikaa juu ya mkeka barazani kwa mume wangu, pale Kibiti, mimi nikiwa chumbani nyuma ya pazia nimejikunja kitandani, wakijadili nitibiwe kwa njia ipi kana kwamba wanajadili mbuzi wa akika achinjwe na nani. Miaka mingi imepita na hasira haijapungua hata chembe. Wanaoniambia nisamehe nawaambia wasubiri kwanza nao wabaki na figo moja, halafu tuzungumze.

Nimezaliwa visiwani, huko delta mto unakoingilia baharini, kwa watu wa kukata mikoko na kulima mpunga. Maji yalituzunguka pande zote, ila ya kunywa yalikuwa taabu. Mto ukipungua, chumvi hupanda mpaka visimani, na maji baridi yanafuatwa mbali kwa mtumbwi. Kwa hiyo tulifundishwa toka utotoni kunywa kidogo. Tukiwa dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, mtoto aliyelilia maji aliitwa mlafi. Mimi nilisifiwa, ati nashinda juani kutwa kwa funda tu. Daktari aliniambia baadaye kwamba sifa ile huenda ndiyo iliyonijengea jiwe.

Maumivu yalinianza nikiwa nimeshaolewa na kuzaa. Yalishuka kutoka ubavuni mpaka kwenye kinena, nikawa natambaa sakafuni na kutapika, na mkojo ukatoka mwekundu kama chai ya rangi. Zahanati walinichoma sindano mpaka wakachoka wenyewe. Hatimaye mume wangu akanipeleka Dar es Salaam, hospitali ya serikali, nikapigwa eksirei. Jiwe lilikuwa sawa na korosho ambayo haijabanguliwa.

Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya chini. Alituketisha mimi na mume wangu, akakunja ngumi akaiweka mezani, akasema hiyo ndiyo figo.

"Mama, kuna njia tatu zisizo na kisu kikubwa," akasema. "Ya kwanza ni mashine. Unalala, inalipiga jiwe kutoka nje mpaka linavunjika, kisha unakojoa vipande. Haina jeraha lolote. Lakini jiwe lako ni kubwa, vipande vitakuwa vingi, na vinaweza kukwama kwenye mrija unaotoka kwenye figo kwenda kibofuni. Ya pili, tunapitisha bomba jembamba lenye taa kwenye njia ya mkojo, tunapanda nalo mpaka kwenye jiwe na kulivunja hukohuko. Nayo haina jeraha, ila kwa jiwe la ukubwa huu tutalazimika kurudia. Ya tatu, unapewa nusu kaputi, tunatoboa tundu dogo mgongoni, la kupita kidole, tunaingia moja kwa moja kwenye figo na kulitoa jiwe. Damu kiasi itatoka, na utalala wodini siku chache. Ungekuwa dada yangu, ningekufanyia hii ya tatu."

"Basi nifanyie hiyo," nikasema.

Mume wangu akakohoa. "Daktari, tunashukuru sana. Ngoja tukazungumze na wazee kwanza."

Si mtu mbaya, mume wangu. Hilo ndilo linalonichoma. Hakuwahi kuninyanyulia mkono wala kunilaza njaa. Lakini pale alinitazama, akaniona nimeshajibu, na jibu langu likampita sikioni kama honi ya gari barabarani.

Kwetu mtu hatiwi chuma mwilini mpaka mjomba wake atoe neno. Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, aliletwa kutoka visiwani, akakaribishwa, akalishwa. Kisha mume wangu akaanza kueleza yale ya daktari. Nilimsikia anavyoyapunguza. Mambo ya vipande kukwama aliyataja kwa haraka, na neno la daktari kwamba angechagua njia ya tatu hakulitaja kabisa.

"Hiyo ya kupita chini," mjomba akauliza, "anapita nani huko? Daktari mwanamume?"

"Ndiyo," mume wangu akasema.

"Astaghafirullah. Hiyo tuifute. Na ya mgongoni nayo, mtu achomwe kama gunia linavyochomwa bambo kuonja korosho? Imwagike damu, mgongo upooze, watoto awalee nani? Mashine haina damu, wala haina aibu. Siye tunasema mashine."

Nikapaza sauti nyuma ya pazia. "Mjomba, daktari kasema jiwe kubwa. Vipande vitakwama."

"Mwanangu, weye mgonjwa. Pumzika. Siye tupo."

Siye tupo! Nimeyachukia maneno hayo mawili kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu kimeruhusiwa na kila kitu kinauzwa. Redio mpya za Dar zilitangaza sabuni, mabati, na hospitali moja ya binafsi yenye mashine ya mawe: bila kisu, bila damu, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Huko ndiko nilikopelekwa. Yule daktari wa serikali alikuwa amenitazama usoni akaniambia nisichopenda kusikia. Hawa walinikaribisha kwa tabasamu, wakaniita mteja, na hakuna hata mmoja aliyesema jiwe hili si la mashine hii. Walichukua pesa walizochukua, wakanilaza, mashine ikanigonga ubavu kama mtu anayegonga mlango asiokusudia kuuacha. Kisha wakaniambia nyumbani ninywe maji mengi, nichuje mkojo kwa kitambaa, na nirudi na vipande nikapigwe eksirei nyingine.

Vipande vilitoka, chenga za rangi ya udongo, pungufu ya konzi moja ya mkono. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekuja kuniuguza. Kwetu kinachotoka mwilini kinazikwa, iwe nywele, kucha au kitovu cha mtoto, kisije kikaangukia mikononi mwa mtu mbaya. Akazikusanya chenga zote, akazifunga kwenye kitambaa cheupe, akazifukia chini ya mnazi nyuma ya nyumba. Wanaume wakaitwa. Wakasoma Fatiha, wakaitikia amina.

"Limekwisha, mwanangu," shangazi akasema huku akifuta jembe. "Jiwe tumelizika."

"Shangazi, hizo ni chenga tu. Korosho nzima haiwezi kutoka ikawa hivyo."

"Weye nawe! Mtu akuzikie adui, nawe unamtetea."

Wakacheka. Na safari ya eksirei ikafutwa palepale, maana nani apige picha kitu ambacho kimeshazikwa?

Maumivu yaliporudi nilijua ni yaleyale, kama unavyojua sauti ya mtu wako gizani. Niliposema, nikaambiwa haiwezekani. Jiwe limezikwa, mashahidi wapo, mwenyewe nimeona. Kwa hiyo hili ni jambo jingine. Wakalitafutia dawa yake hilo jambo jingine. Nikafukizwa, nikaandikiwa kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa nikanywa. Sina ugomvi na aya. Ugomvi wangu ni na watu walioziweka mahali pa eksirei. Nililinywa kombe lile kwa kiu, kwa sababu angalau lilikuwa maji.

Ilipofika hatua ya kutetemeka meno yakigongana, na mkojo kutoka matone, mume wangu akashtuka. Akanirudisha Dar kwa yule daktari wa kwanza. Alinipima, akauliza vipande viko wapi.

"Vimezikwa," mume wangu akasema.

Daktari hakucheka. Akasema vilivyobaki vimepanga foleni ndani ya mrija, mkojo umerudi juu, na figo imejaa usaha. "Nataka nipitishe bomba kutoka chini, leo hii, uchafu upate pa kushukia. Nikichelewa, figo hii inakufa."

"Daktari, hiyo njia mjomba wake aliikataa."

"Mjomba yuko wapi?"

Mjomba alikuwa amesharudi visiwani, na simu huko ilikuwa hadithi. Ikabidi atumwe mtu, gari mpaka mwisho wa barabara, kisha mashua. Nililia, nikapiga kelele wapitishe, mwili wangu, nimeruhusu. Nesi akaniambia kwa huruma kwamba lazima mume atie sahihi. Mume wangu alikaa kwenye benchi la korido, kashika kofia kwa mikono miwili, anasubiri ruhusa ya mtu mwingine amuokoe mkewe. Daktari alimfokea. Akabaki anatazama kofia.

Jibu la mjomba lilifika: amekubali, ila awe daktari mwanamke. Siku hiyo figo ilikuwa imeshakufa, hapakuwa tena na sababu ya kupitisha bomba. Njia zote tatu zilikuwa zimekwisha muda wake, ikabaki ile ya kisu kikubwa, kutoa figo nzima na uchafu wake. Mume wangu akatia sahihi, sasa bila kumuuliza mtu.

Nilipoanza kutembea wakanifanyia dua ya shukrani, palepale Kibiti. Pilau ikapikwa. Wanaume barazani, wanawake ndani, mimi katikati ya mashangazi nyuma ya pazia lilelile. Mjomba akapewa nafasi ya kusema.

"Tumshukuru Mungu," akasema. "Tulikaa, tukashauriana, tukachagua njia isiyo na damu wala aibu. Leo mwanetu mzima, na stara yake ipo."

Wakaitikia amina.

Nikasimama. Shangazi alidhani naenda uani. Nikalisukuma pazia, nikasimama mlangoni mbele ya sinia za pilau, nikafungua kanga, nikapandisha blauzi. Kovu lilitoka karibu na uti wa mgongo, likazunguka chini ya mbavu mpaka kukaribia kitovu, jekundu bado, na alama za nyuzi kila upande.

"Mjomba, shikamoo," nikasema. "Njia mliyochagua ndiyo hii."

Wote waliinamia sinia. Shangazi akaja mbio akanifunika kanga. Nikaitoa. Akanifunika tena, huku analia. Nikaitoa tena, nikabaki nimesimama hivyohivyo, namsubiri mjomba ainue macho.