Kobe Ashtakiwa kwa Mwendo Kasi

Mkorofi katika familia yetu ni mimi, na ninajijua. Mdogo wangu ni mbishi, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mimi nikiudhiwa napiga kelele mpaka majirani wanafunga madirisha, kisha nasahau. Yeye hapigi kelele. Alipokuwa shule ya msingi mwalimu alimchapa kwa ajili ya kioo cha dirisha ambacho hakukivunja, akamwambia akikiri ataacha kumchapa. Hakukiri. Alichapwa mpaka mwalimu mwenyewe akaona haya. Jioni nilimkanda miguu kwa maji ya moto huku nikimgombeza: “Si ungesema ni wewe, yaishe?” Akanijibu, “Lakini si mimi, dada.” Basi ndivyo alivyo mpaka leo, mtu mzima na watoto wake.

Kazi yake ni kusambaza mayai. Alianza kwa kuzoa mbolea kwenye mabanda ya tajiri mmoja wa kuku, miaka na miaka, akinuka mpaka mkewe, yaani wifi yangu, akawa anamvulisha nguo mlangoni. Akadunduliza, akanunua pikipiki kuukuu ya tajiri huyo huyo. Nyuma akaifungia kichanja cha mbao kwa bolti. Kila alfajiri anapanga trei juu ya trei, katikati anatandika vitambaa vinavyobaki kwenye cherehani yangu, halafu anakaza kwa mipira aliyoikata kwenye tyubu za matairi. Yai likivunjika ni hasara yake, tajiri hataki kusikia. Kwa hiyo anaendesha kama mtu aliyebeba kichanga mgongoni. Tuta analiona toka mbali, anapunguza gia, anapanda, anashuka. Baiskeli zinampita. Sokoni wamempa jina la Kobe, naye kalikubali, na wateja wengine hawajui kama ana jina jingine.

Sasa jamani, mtu huyo ndiye aliyeshtakiwa kwa mwendo kasi.

Siku hiyo alinipigia simu mchana, sauti yake ya kawaida tu. “Dada, njoo na mkokoteni barabara kuu, karibu na kituo cha mafuta.” Nikaacha gauni la watu kwenye mashine nikaenda mbio. Namkuta kando ya barabara, jua la utosi, trei zimepangwa kwenye vumbi, na ufunguo wa pikipiki uko mfukoni mwa trafiki.

Kilichotokea ni hiki. Trafiki alijibanza nyuma ya kibanda na kile kidude cha kupimia mwendo, madereva wanakiita tochi. Likatokea pikipiki kubwa linanguruma, likampita Kobe, likapotelea mbele. Tochi ikasoma tisini na kitu. Trafiki anarukia barabarani, mwenye mbio zake keshafika mbali, aliyebaki machoni ni Kobe na mayai yake. Akapungiwa mkono asimame, akasimama. Kosa lake ni hilo tu. Aliyekimbia alikwenda zake, aliyesimama ndiye aliyeandikiwa.

“Afande,” nilimwambia, na nilijitahidi kuwa na adabu, “hebu tazama huo mzigo. Mayai yote hayo kwa mwendo wa tisini? Si angefika na uji?”

“Mama, mayai hayanihusu. Mashine imesoma.”

“Imemsoma nani?”

“Imesoma.”

Loo! Damu ilinichemka. Nilikuwa nimeshavua kiatu, sijui nilitaka kukifanyia nini, Kobe akanishika mkono. “Dada, tubebe mayai. Jua kali.” Tukabeba mayai, na pikipiki ikachukuliwa kituoni.

Mahakamani ndiko nilikojifunza utaratibu wa watu wa pikipiki, maana sikuwa naujua. Asubuhi walikuwa wamejazana kwenye korido, migongo ukutani, helmeti mapajani. Mwenyekiti wao, mkongwe anayevaa jaketi la mvua hata siku ya jua, alikuwa anapita akiwafundisha. “Wanangu, neno ni moja tu: ni kweli, mheshimiwa. Usieleze, usijitetee. Ukikubali unalipa faini, na leo leo unapewa pikipiki yako. Ukikataa, inabaki kituoni kuwa kielelezo mpaka kesi iishe. Na kesi hapa haziishi.”

Faini yenyewe ilikuwa inameza faida ya mwezi mzima. Lakini mwezi unapita, na pikipiki ndiyo chungu cha nyumba ile. Bila hiyo hakuna mayai, na bila mayai hakuna kitu. Nikamvuta Kobe pembeni. “Funika kombe mwanaharamu apite. Faini tutakuchangia, mimi na wifi. Sema ni kweli, urudi kazini. Umenisikia?”

“Nimekusikia.”

Kusikia alisikia.

Ndani walikuwa wanaingizwa kwa mafungu. Karani anasoma shtaka kwa kasi ambayo nayo ilifaa kupigwa tochi, na kijana anajibu, “Ni kweli, mheshimiwa.” Anafuata mwingine, “Ni kweli, mheshimiwa.” Mmoja aliulizwa jina lake nani, akajibu kwa sauti kubwa, “Ni kweli, mheshimiwa!” Watu tukacheka, lakini kijana wa watu hakuwa anatania.

Ikafika zamu ya Kobe.

“Si kweli, mheshimiwa.”

Hakimu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, asubuhi yote hakuwa ameinua kichwa. Akainua. “Si kweli nini?”

“Kwamba nilikwenda mbio. Nilikuwa na mayai.”

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mtu wa nyuma akapaza sauti, “Mheshimiwa, huyo ni Kobe!” Hata hakimu alijiuma mdomo asicheke. Nikajua basi, kicheko kimemwokoa. Wapi! Akapanga tarehe, akaamuru pikipiki ikae kituoni kama kielelezo, akaita anayefuata.

Nilimsubiri nje kwenye ngazi. “Wewe una akili sawasawa? Watoto watakula huo ukweli wako?”

“Dada, trafiki anajua si mimi. Mimi najua si mimi. Sasa niseme ni mimi ili iweje?”

“Ili upate pikipiki!”

“Pikipiki ni yangu,” akasema, kana kwamba hilo lilimaliza maneno yote.

Basi tukaanza kwenda na kurudi. Tarehe ya kwanza trafiki yuko kozi. Ya pili yuko likizo. Ya tatu kafiwa na shangazi, ya nne kafiwa na mjomba. Nikasema kwa sauti, ndani ya mahakama, “Ukoo gani huu unaokufa kila kesi ikitajwa?” Askari wa mahakama akanishika kiwiko akanitoa nje, na hata huko nje niliendelea kusema. Mnyonge hana haki, sawa, tumezoea kusikia. Lakini angalau aambiwe usoni! Siyo njoo mwezi ujao, njoo mwezi ujao, huku unaliwa kidogokidogo.

Kobe alikuwa anasukuma mayai kwa mkokoteni. Hoteli mbili zilizokuwa zikimtegemea zikahamia kwa mtu mwenye pikipiki, na siwalaumu, chai ya asubuhi haingojei mkokoteni. Viatu vyake vikaisha upande mmoja. Wifi yangu ni mpole, hana mdomo kama mimi. Yeye alihamia chumba cha watoto, akawa analala huko, akimpikia na kumpakulia bila kumsemesha. Kobe akienda kituoni kuomba angalau aitazame pikipiki yake, anarudishwa mlangoni. “Kielelezo hakiguswi,” wanamwambia. Anashukuru, anaondoka. Anashukuru! Ningekuwa mimi ningeng'oa mlango.

Mwenyekiti alikuwa akituona kwenye korido kila tarehe, amekuja na kundi jipya la kukubali. Anatikisa kichwa. “Kijana ana haki,” aliniambia siku moja. “Lakini haki nayo inataka mafuta.”

Hata hivyo siku ilifika. Shahidi hayupo tena, mwendesha mashtaka anaomba tarehe nyingine, na hakimu akavua miwani, akasema imetosha. “Kesi naiondoa. Kijana, uko huru. Nenda kachukue mali yako.”

Nilipiga kigelegele pale pale kwenye korido. Nilimkumbatia mwenyekiti na jaketi lake la mvua. Nilijigamba kwa watu nisiowajua, “Mmeona? Hiyo ndiyo damu yetu!” kana kwamba si mimi niliyemtaka akubali. Kobe alitabasamu, meno yote nje, akampigia simu mkewe, na kwenye simu nikamsikia wifi analia na kucheka. Tukaenda kituoni tukiwa tumeshikana mikono kama watoto.

Nyuma ya kituo kuna uwanja, na pikipiki zimelala humo, majani yameota katikati ya matairi. Askari wa zamu alituongoza mpaka pembeni ya ukuta. “Ile pale.”

Betri hakuna. Kabureta hakuna. Mnyororo hakuna. Vioo vimeng'olewa, kiti kimechanwa sifongo yote nje, tangi liko wazi limejaa maji ya mvua na viluwiluwi vinaogelea. Kichanja kimeondolewa, yamebaki matundu ya bolti. Kobe alichuchumaa. Akapitisha mkono pale injini ilipofunguliwa, taratibu, akaurudisha.

Askari akamletea karatasi na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi. Nikaichukua mimi, nikaisoma. Imeandikwa: nimepokea pikipiki yangu ikiwa nzima, katika hali ile ile niliyoiacha.

“Hii ndiyo nzima?” niliuliza.

“Mama, karatasi zote ziko hivyo. Asipotaka, aiache, afungue malalamiko, yachunguzwe. Ila pikipiki itabaki hapa. Itakuwa kielelezo.”

Mimi nimekasirika mara nyingi maishani, lakini siku ile niliona giza. “Usitie sahihi!” nilimwambia mdogo wangu. “Wametuibia mchana kweupe, halafu tuwaandikie kwamba hawajaiba? Usitie hata nukta! Nitakulisha mimi. Nitashona mchana na usiku, nitauza cherehani ikibidi, lakini usiwape jina lako!” Askari wengine walitoka kuangalia ni nani anayepiga kelele. Nilikuwa nalia na sikujali. Na nilikuwa namngoja. Nilijua atakachosema, nimemjua tangu ananyonya.

Kobe alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

“Kalamu iko wapi?” akauliza.

Akaandika jina lake kamili, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wake mzuri, akamrudishia askari karatasi yake. Kisha akashika pikipiki, akaanza kuitoa kwenye majani.

Njia nzima nilimtukana. Nilimwita mwoga, nikamwita mjinga, nikamuuliza basi miezi yote ile ilikuwa ya nini. Nilikuwa nataka anibishie. Neno moja tu, nilikuwa naliomba moyoni. Yeye anasukuma, jasho linamtiririka, macho yako barabarani.

Tulipofika mlimani akasimama kidogo kuvuta pumzi. “Dada,” akasema, “shika usukani upande huo. Unaniachia mzigo.”

Nikashika.